Arifu Saba Nne

Jumatatu, 10 Juni

King'ora cha kiwanda kimelia saa kumi na mbili asubuhi na mji mzima wa Labasa umeamka nacho. Msimu wa miwa umefunguliwa. Daftari hili nimepewa bure na muuza mbolea, kama kila mwaka, na kila mwaka huligeuza la mapishi. Mwaka huu naandika humu kwa sababu nina jambo rohoni na sina wa kumwambia.

Bwana Dharmend alituita mimi na Josefa, karani wetu wa simu, akasema msimu ukiisha naye anaondoka. Anahamia Brisbane kwa binti yake. Kiti chake cha mkuu wa mfumo wa kompyuta wa ushirika wetu wa wakulima kitakuwa wazi. Mimi nikainamisha macho kwa adabu kama bibi arusi, maana nani mwingine? Mfumo huu tuliujenga mimi na yeye, misimu sita iliyopita, mvua ikivuja juu ya meza. Josefa akanikonyeza.

Kisha Bwana Dharmend akafungua mlango na kumwingiza msichana. Anaitwa Kelera, kwao Savusavu, katoka chuo kule Suva, atatusaidia kuandika programu. Miaka ishirini na minne. Ana ua nyuma ya sikio.

Jumatano, 12 Juni

Kelera kaleta muhogo wa tui la nazi kwa ofisi nzima. Sikula. Nilisema nina kisukari. Sina kisukari.

Ijumaa, 21 Juni

Leo kaomba nimwonyeshe amri zangu. Nikamwonyesha kwenye skrini nyeusi, haraka haraka, kama unavyomwonyesha mgeni choo kilipo.

Tovuti yetu kila mtu anaijua: mkulima ana ukurasa wake, shamba lake, sekta yake, zamu yake ya kuvuna. Lakini kazi yenyewe haifanyiki kwenye kurasa. Inafanywa na amri fupi nilizoziandika mimi, ninazoziendesha kwa mkono. Kubwa kuliko zote ni arifu. Unaandika arifu, unafuatisha namba ya sekta, unafuatisha siku zilizobaki. Arifu 7 4: wakulima wote wa sekta ya saba wanapata ujumbe wa simu kwamba kundi la wakataji litafika baada ya siku nne. Ikibaki siku moja, ujumbe unaongeza maneno mawili: choma leo. Wakataji wa huku hawaingii kwenye miwa yenye majani makavu na manyigu. Mkulima huchoma alasiri, wao hukata asubuhi, na miwa iliyoungua isipofika kiwandani ndani ya siku mbili huanza kuchacha.

Kelera akatazama ile mistari, akauliza, "Sasa dada Urmila, mtu mwingine atajuaje ipi ni sekta na ipi ni siku?"

"Ataniuliza mimi."

Akacheka. Alidhani namtania.

Niseme ukweli, maana daftari halina mdomo. Napenda kuulizwa. Diwali iliyopita Josefa alikuja kunitoa jikoni, mikono imejaa mafuta, kwa sababu hakuna aliyejua vigezo vya amri moja, zile namba zinazoifuata, vinapangwaje. Nilinung'unika njia nzima hadi ofisini, na moyoni nilikuwa na furaha ya mtoto wa sikukuu.

Jumatatu, 1 Julai

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kelera kaongeza kitu kwenye amri tatu ndogo. Sasa ukiandika jina la amri halafu neno msaada, inakueleza vigezo vyake vyote: hiki ni nini, hiki si lazima, hiki usipokitaja nitachukua kadha. Vigezo vyenyewe sasa vina majina, unaandika vistari viwili na jina, hata ukivipanga mkia mbele kichwa nyuma haijali.

Josefa kaendesha amri leo. Josefa! Mtu ambaye akibonyeza herufi moja humwomba Mungu. Kaifanya peke yake, karuka kitini, kaenda kuwaambia hadi wauza chapati za roti wa nje. Halafu akanigeukia, "Mama mkubwa, Diwali hii utakaanga kwa raha zako, hatukusumbui tena."

Nilicheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani nilivunja kikombe, na sikukivunja kwa bahati mbaya.

Alhamisi, 4 Julai

Leo jina lake limetajwa ofisini mara kumi na moja. Langu mara mbili, moja wakiniuliza ufunguo wa stoo uko wapi.

Ijumaa, 5 Julai

Mara tisa.

Jumamosi, 20 Julai

Jua kali, hakuna tone. Majivu ya miwa yanaanguka kwenye nguo nilizoanika, nimefua shuka moja mara mbili.

Nilikwenda kumpikia kaka Hirdesh. Tangu wifi yangu afariki, Jumamosi ni yangu kwake. Kimbunga cha Februari kilimng'olea paa la vyumba viwili na mpaka leo analala chini ya turubai la buluu. Miwa yake mwaka huu ni mizuri sana, imemzidi urefu, na yeye si mfupi. Zamu ya sekta ya nne ni mwisho wa Septemba, anaiacha ishibe sukari. Alinipeleka mpaka pembeni ya shamba akagonga muwa mmoja kwa ukucha, akaniambia, "Urmi, hili ndilo paa langu. Limesimama hapa linasubiri zamu."

Kisha akauliza kama ni kweli tumepata msichana hodari ofisini. Hata huku milimani wameshamsikia.

Jumanne, 6 Agosti

Kaigusa arifu.

Hakuigusa kwa siri, siwezi kumsingizia. Aliita kikao, akagawa karatasi, akaeleza. Sasa arifu inapokea sekta nyingi kwa mara moja. Namba zote zinazofuata jina la amri ni sekta, hata ziwe kumi. Siku zina kigezo chao chenye jina, siku, na usipokitaja amri inachukua moja, yaani kesho. Na kuna kigezo kingine, jaribio, ukikiweka amri inakuonyesha ingetuma kwa nani bila kutuma. Bwana Dharmend alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Zamani kuarifu sekta nne ilikuwa kuandika amri mara nne, na mimi ndiye niliyekuwa nikiandika.

Hayo nayaandika leo kwa kuyakumbuka, lakini pale kikaoni nilikuwa namenya chungwa, na nilihakikisha anaona kuwa namenya chungwa. Karatasi yake nilifungia roti.

Kabla ya kutoka kanifuata mezani. "Dada, amri yako ya zamani nimeiacha mpaka mwisho wa mwezi, ili mkono uzoee. Ukitaka tukae wote tuijaribu hii mpya?"

Nikamwambia nilikuwa naandika amri yeye akiwa shule ya msingi. Alisema ndiyo, dada, akarudi kwake. Afadhali angenijibu vibaya.

Ijumaa, 23 Agosti

Bwana Dharmend kamwita Kelera ofisini kwake wakafunga mlango saa nzima. Walicheka mara tatu. Nimekaa na roho ya kwa nini siku nzima, nimeshindwa hata kupanga zamu za malori.

Jumanne, 3 Septemba

Nitaandika yote, kwa mpangilio.

Kelera aliondoka saa nne asubuhi na Bwana Dharmend, wamekwenda kiwandani. Kabla ya kutoka Bwana Dharmend alisema, "Sekta ya saba wanakatiwa Jumamosi. Waarifu leo. Ukikwama, karatasi ya Kelera iko ukutani." Nilimwambia sijawahi kukwama.

Saa sita nikakaa. Josefa akasema kwa ule utani wake, "Mama mkubwa, nikuletee karatasi?" Nikamwambia akajiletee mwenyewe akili. Amri yangu ya zamani ilikwisha kuondolewa mwisho wa Agosti. Nikaandika kama nilivyoandika misimu sita, vidole vyenyewe vinajua njia: arifu 7 4. Nikabonyeza. Skrini ikajibu: ujumbe 81 umetumwa.

Sekta ya saba ina wakulima arubaini na watatu. Naijua kama ninavyojua umri wangu. Niliiona ile 81, naapa niliiona, na nikajisemea: mapambo ya Kelera hayo, hata kuhesabu hayajui. Nikafurahi kwamba amri yake imekosea. Nikaenda kula.

Saa kumi kasoro nilikuwa dirishani naosha kikombe. Moshi ulikuwa unapanda upande wa mashariki. Sekta ya saba iko magharibi. Nikahesabu mioshi mitatu, halafu mitano. Simu ikalia. Alikuwa kaka Hirdesh, ana furaha, anahema.

"Urmi, mbona hukuniambia kama mmetusogezea zamu? Kundi linafika kesho! Nimeshawasha, linaungua safi kabisa, upepo umetulia."

Aliniita mara mbili, akadhani simu imekatika, akakata.

Saba na nne. Amri ilisoma sekta ya saba na sekta ya nne. Siku sikuzitaja, ikachukua kesho. Choma leo.

Kelera alirudi saa kumi na nusu, Josefa akamwambia mioshi inatoka sekta ya nne. Hakupoteza hata dakika ya kuuliza nani. Alituma ujumbe wa kuwazuia sekta zote mbili, akashika simu moja, akampa Josefa nyingine, wakaanza kupiga mkulima mmoja mmoja. Mimi pia nilipiga, kwa sauti ambayo siijui. Sekta ya saba walikuwa hawajawasha, wanasubiri jua lipungue. Sekta ya nne, wakulima kumi na wanne walikuwa wameshachoma. Kundi lao la wakataji liko upande wa pili wa mlima, limefungwa kazi mpaka Ijumaa.

Bwana Dharmend aliuliza, "Imekuwaje?"

Josefa alisema, "Ile amri mpya ya Kelera, bwana. Mama mkubwa hajawahi kukosea."

Kelera alinitazama, mara moja tu. Mimi nikatazama kikombe changu.

Jumatano, 4 Septemba

Jua kali. Kelera kazunguka kwa makundi sita kuwaomba wakataji. Makundi mawili yamekubali.

Alhamisi, 5 Septemba

Malori yamepatikana manane. Yalihitajika ishirini.

Ijumaa, 6 Septemba

Kumi na mmoja kati ya wale kumi na wanne miwa yao imepokelewa. Shamba la kaka ndilo la mbali kuliko yote, njia yake ni mbovu, lori la mwisho limefika leo saa nane. Nusu ya miwa yake ilikuwa imeshachacha, kiwanda kimeikataa, imemwagwa pembeni ya reli. Josefa anasema harufu yake ni ya togwa lililoharibika.

Sijampigia kaka. Yeye kanipigia, kaniuliza, "Ni yule msichana, eti?" Nikasema bado wanachunguza. Mungu anisamehe.

Jumatatu, 9 Septemba

Kikao cha kamati ya wakulima. Wazee sita kwenye viti, sisi tumesimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijiambia, Kelera akinitaja nitasema amri ilikuwa mbovu, na kweli si uongo mtupu, amri gani inatuma bila kuuliza?

Hakunitaja. Alisema, "Amri niliiandika mimi. Ilipaswa kumwuliza mtu kabla ya kutuma, na siku isingejazwa yenyewe. Kosa ni langu." Mzee mmoja akamwuliza ni nani aliyeiendesha siku ile. Akajibu kwamba yeyote angeweza kuiendesha vile, na hilo ndilo kosa.

Wameamua msimu ukiisha aondoke. Tukiwa kwenye korido Bwana Dharmend aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kiti sasa ni changu, hakuna wa kubishana. Miezi mitatu nimekiota kiti kile. Nilimwambia asante, nikaenda chooni nikajifungia mpaka wazee walipoondoka.

Na bado nina wivu! Huu si ugonjwa? Nimeuona ule uso wake pale mbele ya wazee, mtulivu, na nikajisemea: hata kosa langu kanipokonya, na linampendeza.

Alhamisi, 12 Septemba

Kila amri ya Kelera huandika mstari kwenye kumbukumbu: nani kaendesha, saa ngapi, na maneno aliyoandika, herufi kwa herufi. Nililijua hilo tangu Julai, nililicheka. Leo wakati wa chakula, ofisi tupu, nimelifungua lile faili. Mstari upo. Urmila, saa sita na dakika kumi na mbili, arifu 7 4. Nikauwekea alama ili niufute.

Nikasikia nyuma yangu, "Nimeshauona, dada. Tangu siku ileile."

Alikuwa kashika kopo la samaki na kijiko. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema, anasubiri nini, anataka nini kwangu. Nilisema kwa ukali, kama yeye ndiye mwenye makosa.

Akakaa kwenye kiti cha Josefa. "Ningesema, wangekufukuza wewe, na amri ingebaki vilevile. Kesho angekosea Josefa." Akachokonoa kopo kwa kijiko, kisha akasema, "Na nilijua mkono wako umezoea. Nilikuona kikaoni ukimenya chungwa. Ilinipasa kuja tena kukuomba tukae. Niliona aibu kukuomba mara ya pili."

Sikuufuta mstari. Wala sikumwambia asante. Nilitoka nje nikasimama juani.

Jumamosi, 14 Septemba

Nilikwenda kumpikia kaka. Shamba ni jeusi mpaka mlimani. Turubai limepasuka upande mmoja, kalishona kwa kamba ya nailoni. Mimi nikaingia jikoni nikakanda unga, nikijiambia nitamweleza tukishakula, kisha nikijiambia labda wiki ijayo.

Kama saa tano mbwa walibweka. Nikasikia watu wanapiga hodi, wanavua viatu. Nikachungulia mlango wa jikoni. Kelera, kavaa sulu, vazi lao la kujifunga kiunoni, ile ya heshima, ua halipo sikioni. Pamoja naye mjomba wake, mtu mzima, kabeba mizizi ya kava, ile ya kinywaji chao cha heshima, iliyofungwa vizuri, mzigo mzito. Nilielewa mara moja. Nimezaliwa huku, na kaka pia. Mtu wa kwao akimkosea mtu, huja hivyo: hukaa chini karibu na mlango, msemaji wake huweka mizizi mbele ya aliyekosewa na kumwombea. Aliyekosewa akiigusa na kuipokea, jambo limekwisha, na haruhusiwi kulitaja tena maisha yake yote.

Wakakaa mkekani. Kelera kainamisha kichwa. Mjomba akaanza, polepole, kwamba mtoto wao ameleta moto kwenye shamba la mtu, kwamba wametoka Savusavu na basi la alfajiri, kwamba hawana neno la kujitetea. Kaka alikuwa anamsikiliza, mikono magotini. Mimi nimesimama jikoni na unga mpaka viwiko, namwangalia msichana akiinama mbele ya kaka yangu kwa ajili ya vidole vyangu.

Nitaandika nilichohisi, hata kama ni aibu. Jambo la kwanza halikuwa huruma. Nilimwonea wivu. Ana mtu wa kumsemea, ana mizizi, anajua pa kukaa na namna ya kuinama, na mimi hata la kumwambia kaka yangu wa tumbo moja sikulijua.

Kaka akanyoosha mkono. Nikatoka.

"Kaka, usipokee bado."

Nilikaa chini, upande wa Kelera, upande wa waombaji. Unga ulidondoka mkekani. Nikamweleza: saba, nne, chungwa, karatasi ya roti, ile 81 niliyoiona nikaifurahia. Nikamweleza kikaoni nilivyonyamaza. Mjomba wa Kelera alimtazama mpwa wake, naye hakuinua kichwa. Nilisema mpaka sina cha kusema.

Kaka aliupangusa ule unga mkekani kwa kiganja. Kisha akaigusa ile mizizi, akapiga makofi matatu mazito kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe, kama inavyotakiwa, akamwambia Kelera, "Nimepokea, mwanangu. Umekuja kwa kosa lisilo lako, lakini umekuja. Limekwisha."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, Urmi, umekuja na mikono ya unga. Nitakujibu miwa ikichipua."

Akatoka nje kuangalia shamba. Roti tulizimaliza kupika mimi na Kelera. Zake zilikuwa na pembe kama ramani. Nilikula moja.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemwambia Bwana Dharmend, nikamfungulia na ule mstari. Kavua miwani, kaifuta, kaivaa, kaivua tena. Alisema ningekuwa binti yake angenipiga kofi. Mchana kaenda kwa kamati. Kelera anabaki, na kiti ni chake. Mimi nimepewa onyo la maandishi na kazi yangu ya zamani.

Josefa leo hakuniita mama mkubwa.

Jumanne, 1 Oktoba

Sekta ya nne waliobaki wamevuna. Zamu yao ya kweli. Hakuna mvua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nilikwenda kwa kaka. Kanifungulia, kala nilichopika, hakusema neno ila "chumvi".

Ijumaa, 1 Novemba

Diwali ilikuwa jana. Nilikaanga vitumbua siku nzima na hakuna aliyekuja kuniita. Josefa alipita jioni na familia yake kula. Akala vingi. Akaniambia mdomo umejaa, "Mama mkubwa, ofisi ilitulia mpaka nikachoka." Nilimfungia na vya watoto.

Jumanne, 19 Novemba

Kiwanda kimepiga king'ora cha mwisho. Mvua ya kwanza imenyesha saa tisa, kubwa, tukakimbia kufunga madirisha.

Kelera kamaliza kuandika upya ile amri. Sasa siku lazima utaje, usipozitaja inakataa. Kabla ya kutuma inakuonyesha kila sekta kwa jina na idadi ya watu wake, na inakutaka uandike idadi ile kwa mkono wako. Kaja nayo mezani kwangu, kavuta kiti. Safari hii nilisogea.

Kila kigezo kilikuwa na maelezo yake ya msaada, isipokuwa siku. Pale paliachwa wazi. Akasema, "Hapa andika wewe, dada. Eleza kwa nini ni lazima."

Nikaandika: Siku zilizobaki. Lazima zitajwe kwa jina. Mwaka huu mimi, Urmila, niliandika 7 4 kwa mazoea na kiburi, na shamba la kaka yangu likaungua kabla ya zamu yake.

Alisoma. "Kila atakayeomba msaada ataliona hilo. Hata miaka kumi ijayo. Una hakika?"

"Waone."

Josefa akaja kujaribu, akaandika arifu na msaada, akasoma kwa sauti mpaka mwisho. Hakutania. Alisema, "Haya," akaenda kuchemsha chai, na kikombe cha kwanza akaleta kwangu.

Bado namwonea wivu yule msichana. Nimeona namna alivyopanga ile mistari, ni mizuri kuliko yangu yote, na inauma mahali palepale. Ila leo niliomba anionyeshe amri moja alivyoifanya, na alinionyesha mpaka saa ya kufunga.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua siku tisa mfululizo. Shuka hazikauki.

Saa nne asubuhi simu imelia ofisini. Kaka Hirdesh. Sikujua nishike au nimpe Josefa. Nikashika.

"Imechipua," akasema.

Nikakaa chini. Kanieleza kwamba visiki vyote vimetoa, hata upande wa mlimani ambako moto ulikuwa mkali, kijani kitupu, urefu wa kiganja. Paa litasubiri mwaka mwingine, turubai kalipata jipya. Kisha akasema Jumapili niende, anachinja mbuzi. Na Kelera nimlete. Kelera anakula pilipili? Au nimwulize Kelera kwanza. Na mjomba wake, kama Kelera anaweza kumwita.

Nimehesabu. Jina lake kalitaja mara nne, langu hata mara moja. Nikamwambia haya, nitakuja naye, na nilipotoka kazini nikapita dukani kununua unga.